Majivu hunikanda kila usiku. Je, anamlilia mama yake?

Shikamoo Shangazi,

Nina paka dume aitwaye Majivu. Ana miaka mitatu na alishahasiwa. Najua wengine wanakuletea mambo mazito kuliko hili, ila langu nalo limenikaa rohoni na sina wa kumweleza.

Kila usiku nikishajilaza, Majivu hupanda kitandani, hujizungusha mara moja juu yangu, kisha huanza kunikanda kwa miguu ya mbele. Wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, taratibu, kama mtu anayekanda unga na hana haraka ya kwenda popote. Hukanda tumbo, hukanda bega, mara nyingine shingo. Akinikuta na sweta langu la zamani la sufu ndiyo basi tena: hukamata upindo wake kwa mdomo, huunyonya, hukoroma hadi mtetemo nausikia mifupani, na udenda humtiririka. Mimi hukaa hata nusu saa bila kujitikisa ili nisimsumbue. Asubuhi ile pembe ya sweta naikuta imelowa, imesokoteka kama utambi.

Peke yangu ningevumilia. Lakini kucha zake hupenya nguo, na mapajani nina vidoa vyekundu kama nimeumwa na mbu. Wiki iliyopita alimpanda mume wangu, aliyekuwa amekaa na kaptura anasoma. Alipoanza kumkanda, mume wangu aliruka kwa maumivu akamsukuma, na Majivu kwa kuogopa kuanguka akajing'ang'aniza. Aliacha mistari minne pajani. Siku hiyo mume wangu alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba amesoma kuna upasuaji wa kumwondoa paka kucha moja kwa moja, kwa hiyo tumfanyie huo au tutafute wa kumchukua. La pili ndilo lililonichoma: "Huyo hakukandi. Anamlilia mama yake uliyemnyang'anya."

Shangazi, ni kweli nilimchukua mapema. Alikuwa na wiki tano. Mwenye paka mama alikuwa anajiandaa kuhama, akaniambia kitoto kimeshaanza kula chenyewe, hakina shida. Siku za kusubiri zilikuwepo, ila nilishampenda nikaharakisha. Yule paka mama alinifuata. Usiku wa kwanza alilia nje ya mlango wetu, usiku wa pili akalia tena, wa tatu sikumsikia. Sasa kila Majivu anapofumba macho na kuanza kukanda, nasikia ile sauti.

Je, mume wangu amesema kweli? Majivu anafanya hivi kwa sababu ya kile nilichomtendea? Na hizi kucha nizifanyeje?

Mama Majivu

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale mlangoni kwako, usiku wa pili. Kwa hiyo nitaanza na hapo. Kucha zitasubiri kidogo.

Majivu hamlilii mama yake. Nakwambia hivi baada ya miaka mingi ya kulea kwa chupa vitoto vya paka visivyo na mama, vingine macho bado yamefumba. Nimewaona paka waliochukuliwa mapema wakikanda. Nimewaona pia waliokaa na mama zao mpaka mama mwenyewe akawachoka, paka ambao hawajapotelewa na chochote, nao wakikanda vilevile, kulia na kushoto. Kukanda kungekuwa kilio cha yatima, hawa wa pili wangekanda kwa sababu gani?

Leo usiku, kabla hujajilaumu, mtazame. Utaona macho yamefumba nusu, masikio yametulia, mkia umelala, mabega yamelegea. Paka anayemtafuta aliyempoteza hutembea chumba hadi chumba akiita kwa sauti ndefu, hujificha, hususia chakula. Kukoroma peke yake nisingekutegemea, kwa sababu paka hukoroma hata akiwa mgonjwa au ana maumivu. Inabidi usome mwili mzima. Na mwili ulionieleza wewe, wenye udenda unaotiririka bila mwenyewe kujua, ni wa mnyama aliyeridhika mpaka akajisahau.

Kukanda kumetoka kwenye ziwa. Kitoto cha paka huzaliwa haoni wala hasikii. Macho huja kufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi. Lakini katika giza hilo hilo huifuata harufu na joto hadi kwenye chuchu, na baada ya siku chache mara nyingi kila mmoja huwa na chuchu yake anayoirudia, kati ya nane ambazo mama huwa nazo kwa kawaida. Akishaikamata huweka miguu ya mbele pande mbili za ziwa na kusukuma kwa zamu. Huko kunyonya na kusukuma huamsha mwilini mwa mama homoni ya oksitosini, misuli midogo inayozunguka tezi za maziwa ikabana, na maziwa yakashuka. Aliyewahi kukamua hahitaji kuelezwa. Ndama hukigonga kiwele kwa pua kabla maziwa hayajaja, na mkamuaji naye hukipapasa na kukikanda kwanza. Kitoto cha paka hana uzito wa kugonga kitu, basi hukanda.

Hata ukimlisha kwa chupa, ambako hakuna ziwa la kusukuma, miguu haitulii. Hupiga hewa, hupiga chupa, hupiga vidole vyako. Mimi humviringishia kitambaa nikakiweka chini ya kifua chake, alale kifudifudi kama angelala kwa mama yake, ndipo nampa chuchu ya mpira. Papo hapo hukikumbatia na kuanza. Vidole vyembamba kama njiti za kiberiti hufunguka vyote anaposukuma na kujikunja anaporudisha, na kucha nyembamba kama ncha ya sindano hunasa kwenye nyuzi zikatoa kamlio kadogo, tik, tik, kila anapozivuta. Hakuna aliyemwonyesha. Wengine nimewapokea wakiwa na siku moja.

Wahenga walisema titi la mama li tamu lingawa la mbwa. Kwa kitoto utamu huo haukuja peke yake. Ulikuja pamoja na joto, ulaini, harufu, mkoromo wa mama na miguu inayosukuma, na vyote vikafungwa fundo moja kichwani mwake. Maziwa yalikatika zamani, lakini fundo halijafunguka: ukivuta uzi mmoja, zingine zinafuata. Sweta lako ni laini, lina joto la mwili wako na limejaa harufu yako. Majivu akiligusa, miguu huanza yenyewe.

Na hili halikuanzia kitandani kwako. Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alieleza paka, hata wazima, wanaolala juu ya shali yenye joto na kuikanda polepole kwa zamu, vidole vimetanuka na kucha zimechomoza kidogo, vilevile kama wanaponyonya. Akasema mara nyingi hutia kipande cha shali mdomoni wakakinyonya, macho wamefumba, wakikoroma kwa raha. Aliwahi pia kuona paka mzee akikanda hewa tupu kwa kuwa tu amekunwa mgongo akafurahi. Yaani miaka 150 na zaidi iliyopita mtu alikaa akamtazama Majivu wako, akaandika alichokiona, na hakuona huzuni.

Kwa nini mtu mzima aendelee na mambo ya kitoto? Hapa ndipo mimi huguswa zaidi. Paka mwitu wa Afrika, ambaye ndiye asili ya paka wote wa majumbani, akishakua huishi peke yake na mengi ya utotoni huyaacha. Paka wa nyumbani amekuwa nasi muda mrefu mno. Kuna kaburi kisiwani Saiprasi, habari zake zilitangazwa mwaka 2004, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu yapata miaka 9,500 iliyopita. Kizazi baada ya kizazi amelishwa, amekunwa, amewekwa mahali penye joto, na mengi ya utoto hakulazimika kuyaweka kando. Hata ile nyau yake ni hivyo hivyo. Paka wazima wao kwa wao huitumia kwa nadra. Ni sauti ya kitoto kwa mama, na akikua huielekeza kwetu.

Kwa hiyo mumeo ameshika nusu ya jambo. Mama yumo kweli katika habari hii. Ila Majivu hamtafuti, ameshampata: amelala chini yake na hajitikisi kwa nusu saa ili asimsumbue.

Utasikia na maelezo mengine. Katikati ya vidole vya paka kuna tezi za harufu, kwa hiyo akikanda huenda anaacha alama yake kwenye kitu anachokihesabu chake. Hilo naliamini, na halipingani na la kwanza. Wapo wanaosema ni urithi wa kulaza majani porini kabla ya kulala. Inawezekana, ila paka wengi hukanda mahali na wasilale hapo, tena majani hayanyonywi. Kwa wasomaji wenye paka jike ambaye hajafungwa kizazi: akiinua makalio, akaweka mkia upande na kukanyaga-kanyaga kwa miguu ya nyuma huku akilia, huyo yuko kwenye joto. Ni jambo lingine kabisa, na paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, kwa hiyo msichelewe kumwona daktari wa wanyama.

Sasa zile wiki tano. Sitakudanganya, mwanangu, zilikuwa chache. Kitoto huanza kuonja chakula kigumu akiwa na wiki nne hivi, na ndiyo maana watu hudhani ameshajitegemea. Lakini tumbo huwahi kuliko adabu. Wiki zinazofuata mama na ndugu zake ndio humfundisha kuuma kwa kiasi na kuficha kucha mchezoni. Akizidisha hupigwa kofi au huachwa peke yake mpaka ajirekebishe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wenye paka zaidi ya 5,700. Paka waliotenganishwa na mama kabla ya wiki 8 walielekea zaidi kuwa wakali, na waliobaki naye kupita wiki 14 walikuwa na tabia za kusumbua chache zaidi. Yule mama alilia mlangoni kwako kwa sababu alikuwa bado ana kazi na mwanawe. Hilo sina uwezo wa kukufutia, na naona wewe mwenyewe hutaki lifutwe kwa maneno matamu.

Lakini tuweke na upande wa pili wa mizani. Nyumba ile ilikuwa inahamwa, na vitoto vingetawanywa kwa vyovyote. Wako anakoroma juu ya tumbo la mtu akiwa na miaka mitatu. Hujaniandikia kwamba anauma wageni, wala kwamba anakimbia watu, wala kwamba anajilamba mpaka manyoya yanatoka. Alipomkwaruza mumeo aliogopa kuanguka, na paka yeyote angefanya hivyo. Ukali wanaousema watafiti hawa mimi siuoni katika barua yako.

Kama kuna alama ya wiki tano iliyobaki, nitaitafuta kwenye kule kunyonya sweta. Kukanda ni kwa paka karibu wote. Kunyonya sufu ni kwa wachache, na wataalamu wengi hukuhusisha na kuachishwa ziwa mapema. Si sababu pekee. Paka wa aina za Siamese na Birman hunyonya vitambaa zaidi ya wengine, kwa hiyo damu nayo ina sehemu yake. Kunyonya kwenyewe hakumdhuru. Kumeza ndiko kunakonitisha.

Kwa hiyo kesho mchana lichukue hilo sweta, ulinyooshe penye mwanga na uikague ile pembe. Ikiwa imelowa na kusokoteka tu, hana neno. Ukikuta matundu, au nyuzi zimepungua na hujui zimekwenda wapi, sweta hilo lifungie kabatini leo hii. Uzi ukimezwa unaweza kunasa upande mmoja huku matumbo yanauvuta upande mwingine, yakajikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa uzi wa mshono, na hata kukatika. Paka hufa kwa hilo. Na ukiona uzi unaning'inia mdomoni mwake au nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa wanyama vile vile ulivyo.

Usimnyang'anye bila kumpa kingine. Tafuta blanketi dogo, laini lakini lililofumwa kwa kubana, lisilo na nyuzi ndefu wala pindo la kuning'inia. Lala nalo siku tatu nne bila kulifua, libebe harufu yako. Kisha litandaze juu yako kabla hajapanda. Likunje mara mbili au tatu, na hapo utakuwa umeshatatua nusu ya tatizo la kucha pia.

Kuhusu upasuaji alioutaja mumeo, naomba mumsomee sehemu hii kwa sauti. Jina lake linadanganya. Ukucha wa paka umeota kutoka kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, kwa hiyo ili usiote tena hukatwa mfupa wenyewe. Anyooshe mkono wake atazame vile viungo vya mwisho, karibu na kucha. Hapo ndipo panapokatwa, kidole baada ya kidole. Wapo paka wanaobaki na maumivu ya miguu, wakaacha kutumia sanduku la mchanga kwa kuwa kuchimba kunawauma, na wengine hugeukia kuuma kwa sababu silaha nyingine imeondolewa. Uingereza ilikataza kwa sheria ya mwaka 2006, na mwaka 2019 New York likawa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Sidhani mumeo alipoongea alijua haya. Alikuwa na mistari minne inayowasha pajani.

Kinachotakiwa ni kupunguza ncha tu. Subiri Majivu amalize kukanda, amelegea, macho mazito. Shika mguu mmoja, bonyeza kiganja chake taratibu juu na chini kwa wakati mmoja, na ukucha utachomoza wenyewe. Tazama kwenye mwanga: ndani yake, kuelekea kidoleni, kuna sehemu ya waridi. Hiyo ina damu na mishipa ya fahamu, usiiguse. Kata ile ncha iliyopinda inayopitisha mwanga, kwa kikata kucha chenye makali. Kisicho na makali huukamua ukucha badala ya kuukata, na hapo ndipo paka huanza kuchukia. Siku ya kwanza kata mbili umwache aende. Kesho nyingine mbili. Zipo 18 kwa jumla, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma, lakini kwa kukanda hangaika na zile kumi za mbele. Rudia kila wiki mbili au tatu.

Usisahau ule wa tano, ulio juu kidogo kwa ndani kama dole gumba. Haugusi chini, hivyo hausuguliki. Paka wangu mmoja mzee aliacha ghafla kukanda, nikajiambia ni uzee, ametosheka. Wiki ikapita. Nilipomshika mguu kwa bahati alinivutia mbali, nikaangalia, nikakuta ukucha ule umezunguka nusu duara na kuzama kwenye nyama ya kiganja. Wiki nzima alikuwa analala kwenye blanketi lake bila kulikanda, na mimi napita namwona. Mpaka leo kila jioni nawashika miguu wote waliomo humu ndani, kimoja kimoja. Kwa hiyo siku Majivu akiacha kukanda bila sababu, anza na miguu, kisha viungo. Na udenda ukimtoka hata wakati hakandi, au una harufu mbaya, kagueni meno.

Akizidisha, usimsukume na usipige kelele. Wala msimrushie maji. Atakachojifunza ni kwamba mahali palipokuwa salama kuliko pote hapana usalama. Pitisha mkono chini ya kifua chake, mwinue kidogo ili kucha zijitoe zenyewe kwenye nguo, umsogeze kwenye blanketi lililo pembeni, kisha mkune akiwa pale. Usimvute kurudi nyuma kucha zikiwa zimenasa. Fanya hivyo usiku baada ya usiku, kila mara mkono uleule, blanketi lilelile. Ataelewa.

Mikwaruzo ioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata ile midogo unayoidharau. Kuna bakteria waitwao Bartonella henselae ambao viroboto huwaeneza kwa paka, na kinyesi cha viroboto kikikaa chini ya kucha huweza kuwaingiza kwenye ngozi yetu. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi huishia kwenye mitoki kuvimba na homa, ila mwenye kinga dhaifu anaweza kuugua sana. Kwa hiyo Majivu asiwe na viroboto, na chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe ya sasa. Mkwaruzo wa mumeo ukivimba au akipata homa, aende hospitali na aseme amekwaruzwa na paka.

Nimalizie na mumeo huyo. Naisoma barua yako naona mtu aliyeumizwa akasema neno la kuumiza, na wewe ukalibeba wiki nzima bila kumrudishia. Mrudishie, kwa upole. Mwambie lile neno limekukaa. Inawezekana kabisa hakumbuki hata kama alilisema.

Na kuna jambo barua yako imelipita haraka. Wenye paka wengi hulalamika kwamba paka hukanda mtu mmoja tu wa nyumba na wengine huwapita kama samani. Majivu alipanda paja la mumeo mwenyewe, bila kuitwa, akaanza kukanda. Hilo alikuwa hajalifanya kwa mtu mwingine isipokuwa wewe. Alikuwa anampa alichonacho, na kwa bahati mbaya kulikuwa na kaptura.

Paka aliyesukumwa hukumbuka, kwa hiyo hatarudi kesho. Mumeo akae palepale anaposomea, avae suruali, alitandaze lile blanketi lililokunjwa mapajani, aendelee kusoma. Asimwite, asimfuate, asimkazie macho. Inaweza kuchukua wiki. Majivu atapita kwanza, kisha atakaa karibu, kisha ataweka mguu mmoja juu ya blanketi na kungoja aone kitakachotokea. Siku hiyo wewe uliyeko upande wa pili wa chumba usiseme neno, hata kama umefurahi.